Kwenda Lamu Bila Kubebwa

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwitia mteja teksi imsubiri nje ya uwanja wa ndege wa Lamu. Nilimwandikia kabisa kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi: "Ukitoka tu nje, utaona dereva amesimama na jina lako." Nikapiga muhuri. Nikajipongeza kwa chai na mandazi mawili.

Sasa, uwanja wa ndege wa Lamu hauko Lamu. Uko kisiwa kingine, Manda, ng'ambo ya mkondo wa bahari. Ukitoka nje hukutani na barabara, unakutana na gati na maji. Hata ukivuka ukafika mji wenyewe wa Lamu, mitaa ni finyu na wenye njia ni punda. Mteja wangu, afisa mmoja wa serikali aliyesafiri na suti na soksi nzito, alisimama pale ameshika karatasi yangu mpaka boti zote zikaondoka na abiria wenzake. Jioni alipiga simu ofisini. Hakunitukana. Aliniuliza tu, kwa upole mbaya sana: "Dada, hiyo teksi yangu inakuja ikiogelea?"

Nimeanza na hilo makusudi, nyinyi vijana mnaoingia kazi ya kuuza safari, ili mjue anayewapa mawaidha ni nani. Nimekaa kwenye kiti kimoja, ghorofa ya pili, katikati ya jiji la Nairobi, zaidi ya miaka thelathini, nikiwatuma watu visiwani. Mimi mwenyewe mwisho wangu ni Machakos, na huko huenda kukiwa na harusi au mazishi, na nikifika naanza kuulizia gari la kurudi. Bahari nimeiona kwenye kalenda. Ninapenda kitanda changu, ninapenda sufuria zangu, na nikilala nyumba ya mtu mwingine siwezi kujua taa inazimwa wapi. Lakini niulizeni njia ya kwenda Lamu. Niulizeni tu.

Siku ile ya teksi nilijua nimefutwa. Mkubwa wa tiketi alikuwa Mzee Kioko, mtu wa Kitui, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa katani. Aliniita, akaniambia nikae, akanitazama muda mrefu kama mtu anayesoma ratiba.

"Mutheu, wewe umewahi kufika Lamu?"

"Hapana."

"Una mpango wa kufika?"

"Hapana, Mzee."

"Mungu wangu. Basi itabidi Lamu ije hapa."

Ndivyo ilivyoanza chai ya kurudi. Mzee Kioko alitoa amri: mteja yeyote niliyemkatia tiketi, akirudi Nairobi, nimpigie simu nimwalike chai ofisini. Chai ya maziwa, na mandazi kutoka kwa mama wa chini ya ngazi. Mteja akishakunywa nusu kikombe, nimuulize swali moja. Siyo "safari ilikuwaje", kwa sababu Mkenya ukimuuliza safari ilikuwaje atakwambia ilikuwa sawa, hata kama gari lilipinduka. Swali la Mzee Kioko lilikuwa hili: "Ulichoka wapi?"

Lijaribuni. Mtu akiulizwa alichoka wapi anavua viatu. Anakueleza alikaa upande gani wa jua, choo kilikuwa wapi, mkoba uliraruka kwenye mlango gani, na ni nani aliyemwonyesha njia ya uongo. Nilibandika ramani ukutani, na kila jibu nikalichomea pini. Baada ya miaka kadhaa ramani yangu ilikuwa inaonyesha jambo ambalo hakuna ratiba inayolionyesha. Barabara zile ndefu, zile ambazo watu huziogopa, zilikuwa safi kabisa, hazina pini. Lakini stesheni ya mwisho ya treni, stendi za Mombasa, na gati zote mbili, la bara na la kisiwani, zilikuwa zimetobolewa kama chujio. Watu hawachoki wakiwa wamekaa. Watu huchoka pale wanaposhuka kitu kimoja ili wapande kingine.

Kumbukeni hilo, maana ndilo lililoniokoa mwaka huu, nikiwa nimeshastaafu na sina hata kiti.

Nyinyi siku hizi mnabonyeza simu. Kijana wa Kilimani amelala chali kitandani, anabonyeza, simu inamwambia ndege inachukua saa moja na dakika kadhaa, kwisha, amelipa. Siwalaumu. Sisi tuliandika tiketi kwa mkono na karatasi ya kaboni chini yake, na kama umekosea jina la mtu unaanza upya huku mwenyewe anakutazama. Simu ni nzuri. Ila simu haijawahi kuchoka, kwa hiyo haiwezi kukwambia utachoka wapi.

Nilipeleka bwana na bibi harusi kwa ndege, watu wa Loresho, na masanduku mawili magumu yanayong'aa. Niliwaambia kwamba ndege ndogo inataka mfuko laini, kwa sababu mahali pa mizigo ni kama tumbo la mbuzi, panapokea kinachokubali kukunjwa. Bibi harusi akanicheka: "Auntie, hiyo ilikuwa zamani." Basi alifika Lamu amevaa magauni matatu, moja juu ya lingine, kwenye joto lile, na sanduku likamfuata baada ya siku mbili. Alipokuja chai ya kurudi nilimuuliza alichoka wapi. Akasema, "Kwapani."

Nilimpeleka pia mwalimu mmoja kwa basi la moja kwa moja, akarudi akisema hakuchoka hata kidogo. Nikadhani ananidanganya, kumbe alilala tangu Mtito Andei. Kwa hiyo nilijifunza kuuliza swali la pili: "Ulikuwa macho?"

Kwa asiyejua, njia zenyewe ndizo hizi. Kuna ndege mpaka Manda, kisha boti fupi. Kuna treni mpaka Mombasa, halafu barabara ya Malindi, Garsen na Witu. Kuna basi linalotoka Nairobi na kwenda hadi Mokowe. Na kuna gari lako mwenyewe hadi hapo hapo Mokowe. Mokowe ndipo bara inapoishia. Unaacha gari, unapanda boti kama nusu saa, unashuka Lamu. Ukiniuliza ipi bora nitakuuliza kwanza wewe ni nani. Mwenye haraka na mfuko laini, ndege. Mwenye usingizi mzuri, basi. Mwenye watoto wanaopenda kutazama dirishani, treni. Gari la nyumbani nilikuwa nalitaja mwisho, tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa. Siku tatu barabarani kwenda mahali ndege inafika kabla chai haijapoa? Nani huyo?

Huyo alikuwa Mama Zubeda.

Mama Zubeda alikuwa mteja wangu tangu siku za kaboni. Alizaliwa Lamu, kwenye familia ya wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, akaletwa Nairobi akiwa bibi harusi. Kila mwaka alikuja mwenyewe kukata tiketi, na kwenye chai ya kurudi alileta bhajia zake kwa sababu alisema mandazi yetu yalikuwa yanaweza kujenga ukuta. Mambo ya gati, ya ngazi na ya mitaa, nusu yake nimeyajulia kwake. Kisha akaanguka, akavunjika nyonga, na sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu nyumbani kwa mwanawe Kitisuru.

Mwaka huu simu yangu ililia nikiwa nachambua mchele. Alikuwa yeye, na kama kawaida akaniita kwa jina la binti yangu.

"Mama Mwende, umestaafu au umekufa?"

"Nimestaafu, Mama."

"Basi njoo. Hawa watoto wanataka kuniacha."

Kutoka kwangu Kangemi mpaka Kitisuru si mbali, hata mimi naweza. Nilimkuta sebuleni, amejifunga leso, amekasirika vizuri. Mjukuu wake Insiya alikuwa anaolewa Lamu, Ijumaa, kwenye nyumba ileile aliyozaliwa bibi yake. Na katika ukoo wao, hina ya kwanza kwenye kiganja cha bibi harusi hutiwa na bibi yake kwa mkono wake. Mama Zubeda ameshawatia wajukuu watatu. Huyu ndiye wa nne na wa mwisho. Mwanawe, Bwana Yusuf, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa amekata tiketi za ndege za nyumba nzima isipokuwa moja.

"Si kwamba tunakuacha, Ma," alisema Bwana Yusuf. "Ndege ina ngazi. Boti ina ngazi. Vijana wa pale wako tayari kukubeba, ni wapole, wamezoea. Wewe ndiye umekataa."

"Nimekataa na ninakataa."

"Basi tutakuonyesha yote kwa video."

"Hina ya video? Nitaipaka simu?"

Akanigeukia mimi. Akanieleza kwamba siku aliyotoka hospitali lifti iligoma, wanaume wanne wakamteremsha ngazi kwa shuka, shuka ikateleza mbele ya wakwe zake wote. Tangu siku hiyo amekata neno. "Mama Mwende, mimi sikubali kubebwa kama gunia. Imebaki mara moja tu ya kubebwa, na siku hiyo nitakuwa nimefumba macho. Wewe umeniuzia njia maisha yako yote. Nipe njia."

Bwana Yusuf alinisindikiza hadi mlangoni. Akaniambia taratibu, "Auntie, tafadhali usimpe matumaini. Akishindwa katikati ya safari atavunjika moyo, na huo hauna daktari."

Kijana, kama kuna siku nimeogopa kazi yangu, ni hiyo. Ya teksi ilikuwa aibu tu. Hii ilikuwa ya mwanamke wa miaka themanini na kitu, anayetaka kufika kwao na heshima yake.

Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani, mahali ninapofikiria vizuri, nikazipanga njia zote upya. Safari hii sikuhesabu saa. Nilihesabu manyanyuko. Ndege: ananyanyuliwa kuingia, ananyanyuliwa kutoka, ananyanyuliwa kuingia boti, ananyanyuliwa kutoka. Mara nne. Treni: vidato vya behewa kupanda, vidato kushuka, na bado gari na boti. Basi lina ngazi kama za kwenda darini, nililifuta hapohapo. Nikakumbuka jambo moja. Mama Zubeda habebwi kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Ana ubao wake laini. Unawekwa katikati, naye anateleza mwenyewe kwa nguvu za mikono, bora tu huku na kule pawe sawa. Kumbe adui hakuwa umbali. Adui alikuwa ngazi. Nilichotakiwa kutafuta ni usawa, kutoka Kitisuru mpaka Lamu, kilomita mia nane na zaidi za usawa.

Kesho yake nilirudi na futi ya fundi wa nguo. Nikapima kiti chake kutoka chini hadi kwenye mto wa kukalia. Kisha nikaenda kupima magari ya Bwana Yusuf. Ana mawili, makubwa, meusi, marefu kama majabali. Kiti cha abiria kiko kifuani kwangu. Nikatikisa kichwa.

"Hayafai."

"Hayafai?" Bwana Yusuf alishtuka kama nimemtukania watoto. "Auntie, haya yanapanda mlima!"

"Mama hapandi mlima. Hilo pale ni la nani?"

Pembeni, chini ya mti wa uani, palikuwa na gari dogo, jeupe zamani, la dereva wao Musyoka. Musyoka ni wa kwetu Ukambani, mpole, na lile gari analipenda kuliko anavyokubali. Nikafungua mlango, nikapima. Kiti cha gari na kiti cha Mama vilipishana kidole kimoja.

"Hili," nikasema.

Musyoka alisimama wima kama mtu anayetunukiwa nishani. Bwana Yusuf alikaa kwenye kiti cha bustani bila kuangalia kama kimechafuka.

Tukapanga siku tatu. Usiku wa kwanza Voi, wa pili Malindi, siku ya tatu Mokowe. Muuguzi wa kike anayemtunza Mama akae nyuma. Hapa nina la kuwafundisha: mwenye nyumba ya wageni ukimuuliza kama kuna chumba cha mtu wa kiti cha magurudumu atakwambia kipo, tena kizuri. Usimwamini. Mwambie achukue futi, aende chooni, apime mlango, akusomee namba ukiwa bado kwenye simu. Nilipigia nyumba sita kabla sijapata mbili zenye milango ya watu. Mmoja aliniuliza, "Mama, unanunua choo ama unalala?"

Ikabaki bahari, ambayo siijui.

Nilitafuta namba ya Nahodha Athmani, mzee wa boti aliyewahi kuwavusha wateja wangu wengi, nami sijawahi kumwona uso. Nikamuuliza boti inaondoka Mokowe saa ngapi.

"Bibi wee," akasema, "usiniulize saa. Niulize mai." Kwao maji ni mai.

"Haya, mai je?"

Akanieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kuosha uso. Maji yakipwa, boti inashuka chini ya gati kimo cha mtu, na unashuka ngazi zenye utelezi. Maji yakijaa, boti inapanda. Na siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu, maji hujaa kuliko siku zote. Nikamuuliza swali ambalo nadhani ndilo bora zaidi nililouliza katika kazi hii: "Nahodha, kuna boti yako ambayo, bamvua ikijaa, sakafu yake inakuja sawa na gati?"

Nikasikia anaongea na mtu pembeni. Akarudi.

"Ipo. Ile ya mizigo. Sitaha yake ni bapa kama meza. Twapakia saruji na kreti za soda. Jumatano hiyo ni bamvua, maji yajaa saa kumi jioni. Kwa nusu saa hivi gati na boti ni ndugu. Natia ubao, kiti chapita. Baada ya hapo sikuahidi."

Nusu saa Mokowe, na mkia wa nusu saa hiyohiyo kushukia Lamu. Nilimpelekea Mama Zubeda habari. Nilimwambia ukweli wote, pamoja na ile ya saruji.

"Mimi na saruji?"

"Wewe juu, saruji hakuna. Ataifagia."

"Bwanangu aliuza saruji miaka arobaini. Sawa. Na wewe utakaa wapi garini?"

"Mimi?"

"Kiti cha nyuma kina nafasi ya pili. Unakuja."

Hapo sasa, vijana, aliyezipanga njia zote akaanza kutafuta ya kutorokea. Nikasema kuku wangu. Nikasema geti. Nikasema mgongo, magoti, kifua. Mama Zubeda aliniangalia mpaka nikaishiwa viungo vya mwili, akasema tu, "Haya, kaa na kuku."

Waliondoka Jumatatu. Nililala vibaya Jumatatu, nikalala vibaya Jumanne, kwenye kitanda changu mwenyewe. Jirani yangu wa mlango wa pili, Mama Oti, anayeuza samaki wa kukaanga na hajawahi kuficha analofikiria, aliniuliza kama nina mgonjwa. Nikamweleza. Akasema, "Kwa hivyo wewe ndio unaumwa na safari ya mtu mwingine?" Akaenda zake.

Jumatano asubuhi walitoka Malindi saa moja. Kwa hesabu yangu walikuwa wafike Mokowe saa saba, wapumzike, wale, wangoje maji. Saa tano Mama Zubeda akapiga simu mwenyewe: wako kwenye kizuizi cha ukaguzi baada ya Garsen, foleni ndefu, kila gari linafunguliwa. Saa saba bado wapo. Saa saba na nusu wakaachiliwa. Saa nane na dakika kumi simu tena: gurudumu limetoboka karibu na Witu.

"Musyoka anabadilisha," alisema. "Anaimba wimbo wa kanisani. Ni dalili mbaya?"

"Anaimba haraka au polepole?"

"Haraka."

"Basi ni nzuri."

Nikampigia Nahodha. "Maji yako wapi?"

"Yaja."

"Yasimame kidogo."

Alicheka mpaka akakohoa. "Bibi wee, hata mke wangu hajapata kuniambia hivyo."

Saa tisa na nusu hakuna simu. Saa kumi kasoro robo hakuna. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba nimeshika ile futi ya fundi, sijui nilitaka kupima nini. Saa kumi na dakika tano simu ikalia, nikasikia upepo, kelele, halafu sauti ya Musyoka imepasuka: "Auntie! Imekuwa sawa! Imekuwa sawa kabisa, kama sakafu ya benki!"

Gari lilikuwa limeingia hadi kichwani mwa gati, dakika chache kabla ya saa kumi. Mama akateleza kwenye ubao wake hadi kwenye kiti. Nahodha Athmani akaweka ubao wa pili kati ya gati na sitaha, akaukanyaga mwenyewe mara mbili. Vijana wa gati wakaja na mikono yao, tayari. Mama Zubeda akawainulia kidole kimoja. Akashika magurudumu kwa mikono yake, akajisukuma, akavuka. Musyoka anasema mtu mmoja pale gatini alipiga makofi, wakafuata wengine.

Lamu maji yalikuwa yameanza kurudi kidogo, ubao ukainuka kiasi, na huko ndiko alikojisukuma kwa nguvu mpaka leso ikadondoka begani. Alipanda. Wakwe walikuwa wamepanga wabebaji wanne, wenye nguvu, wamejipanga mstari. Aliwaambia: "Pisheni njia, wanangu. Au mna mzigo mwingine?"

Na walikuwa nao kweli. Maana Bwana Yusuf alikuja kwa ndege siku ileile, akatua saa nne asubuhi, maji yamekupwa hadi mwisho. Pale Lamu, kwenye ngazi za gati zenye mwani, viatu vyake vya ngozi vikakataa kazi, akaenda chini hadi magotini, akateguka kifundo. Wabebaji walewale wanne ndio waliomtoa. Aliyepita njia ya haraka alibebwa. Aliyepita njia ya siku tatu aliingia mjini amekaa wima, huku mwanawe akichechemea nyuma yake na kiatu mkononi. Sikutaka kucheka. Nilicheka mpaka jioni.

Kwa hiyo mkiniuliza leo njia ipi ni bora kutoka Nairobi hadi Lamu, bado nitawauliza wewe ni nani. Lakini siitaji tena ile ya gari kwa sauti ya chini. Pimeni viti. Ulizeni milango ya vyoo. Ulizeni maji. Na mteja akirudi, mpe chai, muulize alichoka wapi. Nilimuuliza Mama Zubeda kwa simu usiku ule wa hina. Akasema, "Nilichoka Kitisuru. Tangu nitoke pale sijachoka."

Alhamisi walinitumia video. Insiya amekaa kwenye mkeka mpya, kiganja wazi. Kiti cha Mama Zubeda kimesogezwa karibu, ameinama, na kwa mkono wake wa miaka themanini anaweka tone la kwanza la hina katikati ya kiganja, na wanawake wote chumbani wanapiga vigelegele. Niliitazama mara saba. Mara ya nane nilitoka nayo nje, kwa sababu furaha ya namna hiyo haikai chumba kimoja, nikagonga kwa Mama Oti. Nikasimama mlangoni nimeshika simu juu, nikamweleza kila kitu tena, kiti, futi, bamvua, ubao, mimi nikiwa hapa Kangemi bila kutoka, nimempeleka mtu kisiwani bila kunyanyuliwa hata mara moja. Niliongea kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Mama Oti alifuta mafuta ya samaki mikononi, akachukua simu, akaitazama video hadi mwisho. Akanirudishia. Akasema:

"Mama Mwende, huyo hatembei na amefika Lamu. Wewe hiyo miguu yako mbili ni ya nini, ya kusimama hapa kwa mlango wangu?"